Nani mkali wa gitaa? Tuulizane kwanza nani alikuwa na kiwanda

Nimekuwa kimya wiki mbili tatu hivi, kazi za gazeti zilinibana. Nilitumwa mkoa wa Songwe kuandika habari ya kahawa, nimeiandika na imeshatoka, sina haja ya kuirudia hapa. Hii ya leo ni ile ambayo mhariri wangu asingeipa hata safu moja, kwa hiyo naileta kwenu.

Ni habari ya magitaa.

Mwaka 2003 jarida la Marekani liitwalo Rolling Stone lilitoa orodha ya wapiga gitaa 100 bora wa wakati wote. Namba moja akawekwa Jimi Hendrix. Nilipokuwa chuo tuliichambua sana hiyo orodha bwenini, na jamaa mmoja wa Morogoro alikasirika kweli kweli kwamba Mbaraka Mwinshehe hayumo. Mimi sikuona cha kukasirikia. Walioandaa orodha ile ni watu wa upande ule wa dunia, wamechagua kutoka kwenye sahani walizokua wakizisikia. Kinachonisumbua ni kwamba sisi huku, tukikaa kijiweni kubishana nani mkali, tunafanya vilevile bila kujua. Tunadhani tunachagua kutoka kwa wapiga gitaa wote waliowahi kuishi, kumbe tunachagua kutoka kwa wale walioletwa mpaka masikioni mwetu na mtu mwenye mtambo.

Hilo lilinikaa vizuri kichwani nikiwa Iyula.

Kwa ambao hamjafika, Iyula ni kata ya wilaya ya Mbozi, katika mkoa huu wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kahawa kila upande, udongo mwekundu, asubuhi baridi inakufanya utamani kurudi kitandani. Mpaka wa Zambia hauko mbali, unakwenda Tunduma na ng'ambo yake ni Nakonde. Kwa hiyo wazee wa huku wana masikio mapana kuliko sisi tuliokulia Dar. Wamekua na redio ya Tanzania, redio ya Zambia, na muziki wa Kongo uliokuwa unapenya kotekote. Ukitaka ubishi wa muziki wenye watu wanaojua wanachobishania, usiende Kinondoni, njoo huku.

Ubishi wenyewe ulianzia kwenye kibanda cha kuingizia watu nyimbo kwenye flashi. Spika ilikuwa inapiga Franco. Mwalimu mmoja mstaafu akasema, bila kuulizwa, kwamba hakuna aliyewahi kushika gitaa Afrika kama huyo. Dereva mmoja wa malori, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akipeleka mizigo Ndola na Lubumbashi, akamwambia, "Mwalimu, heshima yako, lakini Franco alikuwa mwenye bendi. Mpiga gitaa alikuwa Dokta Nico." Hapo ndipo kazi ya kahawa ilipokoma kwa siku ile.

Huu wa Franco na Nico ni ubishi wa zamani kuliko mimi na pengine kuliko wazazi wa baadhi yenu. Nico Kasanda alitoka African Jazz ya Kabasele, baadaye African Fiesta, gitaa lake la solo limenyooka, laini, kama mtu anayeongea taratibu na hajikwai. Franco na OK Jazz yake alikuwa anapiga kwa nguvu, anarudia kipande kimoja mpaka kinakuingia mwilini. Mimi binafsi, mkinilazimisha, nampa Nico upande wa vidole. Lakini tazameni kilichowapata nje ya jukwaa. Mobutu alipoanza kuchukua mali za wageni mwishoni mwa 1973, kiwanda cha kutengeneza sahani cha Mazadis pale Kinshasa kiliwekwa chini ya Franco. Alikuwa pia na lebo zake mwenyewe. Yaani mpiga gitaa ndiye aliyekuwa anaamua sahani za nani zitoke. Nico kwa upande wake, kampuni ya Ubelgiji iliyokuwa ikimtolea kazi ilianguka, na katikati ya miaka ya 1970 akapotea kwenye muziki. Alifariki Brussels mwaka 1985. Franco alifariki 1989 akiwa ameacha sahani zisizohesabika, na mpaka leo kibanda cha flashi cha Iyula kina Franco mafaili mengi. Nikamwuliza kijana mwenye kibanda ana Nico ngapi. Alitafuta kwa muda, akapata nyimbo tatu, mbili ni ileile moja.

Dereva akacheka kwa uchungu. Mwalimu akasema hiyo si hoja, anayependwa ndiye anayepigwa. Ubishi ukaendelea.

Kulikuwa na mzee mmoja amekaa pembeni kwenye gogo, koti zito, kofia ya sufu, alikuwa hajasema neno. Aliposikia jina la Mbaraka ndipo akageuka. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, akaniuliza mimi mtoto wa wapi na nafanya kazi gani. Nilipomwambia mwandishi wa gazeti akatikisa kichwa, akasema, "Basi andika kwamba hawa wote wanabishana kuhusu Nairobi."

Sikumwelewa mara moja. Akaanza kunieleza, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kulinganisha, na naona mzee alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa.

Ni hivi. Katika miaka ile ambayo muziki wetu wa dansi ulikuwa umepamba moto, Tanzania Bara haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi iliyotaka sahani ilipanda basi kwenda Nairobi, kwenye makampuni kama Polygram. Mbaraka, kwanza na Morogoro Jazz halafu na Super Volcano aliyoianzisha 1973, alikuwa mwenyeji wa huko. Alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34 hivi, na baada ya hapo Polygram ya Kenya ikaendelea kutoa nyimbo zake katika mfululizo wa sahani ulioitwa Ukumbusho. Mimi Mbaraka nimemjua kwa kanda za Ukumbusho za mjomba wangu. Kama kanda zile zisingekuwepo, nadhani ningemjua kama ninavyowajua Wema Abdallah wa Western Jazz au Michael Enoch wa Dar es Salaam Jazz, yaani kwa kusimuliwa na watu wazima.

Sasa angalia ndugu wa Kinyonga, Wilson na George. Watoto wa Tanga, walipitia Jamhuri Jazz, wakaenda Arusha, mwaka 1971 wakavuka kwenda Kenya, wakawa Simba Wanyika. Mwaka 1978 wenzao wakajitenga na kuunda Les Wanyika, na mkiusikia wimbo wa Sina Makosa, lile gitaa la ridhim la Omar Shabani, waliyemwita Profesa, hakuna harusi ya Afrika Mashariki ambako halijapigwa. Watanzania watupu karibu, lakini sahani ni za Nairobi. Hata D.O. Misiani, ambaye Wakenya wanamwita mfalme wa benga, alizaliwa Shirati, mkoa wa Mara, mwaka 1940. Aliondoka na gitaa lake akaenda kulitafutia mtambo.

Waliobaki Dar je? Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, ukaja kufunguliwa Novemba 1983. Hesabu miaka hiyo. Ndiyo miaka ambayo Mlimani Park ilizaliwa (1978), ndiyo miaka ambayo NUTA Jazz ilikuwa inageuka kuwa JUWATA, ndiyo miaka ya Vijana Jazz kung'ara. Kwa masikio yangu mimi ndiyo miaka magitaa ya Tanzania yalifika mahali ambapo hayajafika tena. Sikiliza Sikinde ya wakati ule na gitaa la Abel Bartazal au la Joseph Mulenga (hilo la Mulenga watu wa mpakani walilishangilia, maana ni jina la majirani zao kabisa), sikiliza Said Mabera wa Msondo, jinsi solo inavyosubiri waimbaji wamalize halafu ndiyo inaanza kusema yake. Kazi hizo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, zikawekwa kwenye tepu kubwa na kupigwa redioni. Nchi nzima ilizijua. Lakini hazikuwa bidhaa. Haikuwa rahisi mtu wa Kampala au Lusaka kuingia dukani akanunua. Ulaya zimeanza kufika kwa wingi kidogo pale wakusanyaji wa huko walipozitafuta, kama ule mkusanyiko wa Zanzibara namba 3 uliotolewa Ufaransa mwaka 2007 ukiwa na dansi la Bara la miaka ya 1960.

Kwa hiyo Mtanzania aliyepiga gitaa Nairobi ni gwiji wa Afrika Mashariki, na Mtanzania aliyepiga gitaa lilelile Dar ni kumbukumbu ya babu. Vidole ni vilevile.

Jambo jingine alilolisema mzee, na hili sikuwa nimelitilia maanani, ni kwamba wengi wa wapiga gitaa wale hawakuwa na gitaa. Msinicheke. Bendi zilikuwa za mashirika: NUTA ni chama cha wafanyakazi, Sikinde ikawa ya DDC, Vijana ya umoja wa vijana, kulikuwa na Bima, UDA, Polisi, JKT, Magereza. Vyombo ni mali ya shirika. Wewe ni mwajiriwa, unapokea mshahara mwisho wa mwezi, ukihama bendi unaliacha gitaa ukutani na kwenda kupewa jingine kule unakokwenda. Lilikuwa na uzuri wake. Watu walikuwa na uhakika wa kula, mpiga gitaa hakuhitaji kumbembeleza promota. Ila ilimaanisha kwamba siku shirika linapochoka kuwa na bendi, mpiga gitaa mwenye jina nchi nzima anarudi kijijini mikono mitupu. Tulipofika miaka ya 1990, mashirika yanauzwa na kufungwa, wengi ndivyo walivyorudi.

Yule dereva akaleta habari ya Zambia, na hapa alinifundisha kitu. Rais Kaunda aliagiza redio ya kwao ipige karibu muziki wa nyumbani tupu, asilimia 95. Vijana wa Copperbelt wakachukua magitaa ya umeme na kupiga roki yao wenyewe, WITCH, Ngozi Family na wengineo. Paul Ngozi alikuwa anapiga gitaa kwa meno jukwaani, dereva anaapa kaka yake aliona. Wao walikuwa na kampuni ya Teal pale Ndola, sahani zilitoka. Halafu bei ya shaba ikaanguka, uchumi ukaanguka nayo, wanamuziki wengi wakafa mapema, na ule muziki ukasahaulika hata na Wazambia wenyewe. Ngozi alifariki 1989. Zaidi ya miaka 20 baadaye kampuni moja ya Marekani, Now-Again, ikazitoa upya, na leo vijana wa Ulaya wanabishana nani alikuwa mkali kati yao. Hivi vidole vyao vilikuwa vimekwenda wapi muda wote huo?

Mkulima mmoja aliyekuwa anasikiliza tu, mkononi ana jembe, akasema kwamba yeye haoni ajabu yoyote. Kahawa ya shamba lake na ya jirani yake zikishachanganywa ghalani hakuna anayejua nani alipalilia vizuri. Anayejulikana ni mwenye mashine ya kukoboa na mwenye gari. Wakacheka wote, maana walijua anamsema nani.

Lakini mwalimu hakukubali, na haki yake nampa. Alisema, "Polygram ilitoa sahani za watu mia. Mbona mnamkumbuka Mbaraka tu? Kiwanda hakikumpa vidole." Ni kweli. Ziko santuri nyingi tu za Nairobi za miaka ile ambazo zina kila kitu, zina kampuni, zina redio, na ukizisikiliza leo unalala. Na kuna watu wametoka bila kiwanda chao wenyewe. Jean Bosco Mwenda wa Katanga alikuwa anapiga gitaa kavu kwa kidole gumba na cha shahada tu, anaimba Kiswahili, mpaka Hugh Tracey alipomkuta Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952 na kumrekodi. Gallo ya Afrika Kusini ikasambaza sahani zake, na baadaye Nairobi wakamtumia kutangaza Aspro redioni. Alikuwa mkali kabla ya Tracey hajafika. Mwalimu akaona amenishinda.

Ila mimi nikamwuliza, mwalimu, Tracey alipomrekodi Mwenda, mtaa wa pili alikuwepo nani? Akanyamaza kidogo, akasema, "Hapo sasa unaanza kubishana na wafu."

Labda. Lakini si lazima twende kwa wafu. Jumapili kabla ya kuondoka nilisikia gitaa kanisani palepale Iyula. Kijana wa kwaya, hata 25 nadhani hajafika, anapiga solo kwenye spika iliyochanika, kuna mahali anateremka kutoka juu mpaka chini kwa namna ambayo mtu anayejua Sikinde lazima ageuke. Nilipowauliza wale wabishi wa kibandani kuhusu huyo kijana, wote wanamjua, ni mtoto wao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefikiria kumtaja. "Aa, huyo ni wa kwaya," dereva akasema. Kana kwamba gitaa la kwaya lina nyuzi za aina nyingine.

Hiyo ndiyo nguvu ya biashara ya muziki ninayoiona mimi. Watu wengi wanalalamikia promo na hela za kupigisha nyimbo redioni, na hayo yapo, lakini la maana zaidi ni kwamba biashara inatuamulia hata nini kihesabiwe kuwa ni kupiga gitaa. Tangu redio binafsi ziruhusiwe mwaka 1993 na studio za kompyuta zifuate, mwenye studio hana sababu ya kuwalipa wapiga gitaa watatu na mpiga besi wakati kompyuta inatoa mdundo usiku mmoja. Simlaumu, umeme na kodi vinamsubiri. Bongo Fleva imewalisha vijana wengi na baadhi ya nyimbo zake nazipenda kupita kiasi. Ila kijana wa bodaboda aliyenibeba, nilipomwuliza mpiga gitaa gani wa Tanzania anamjua aliye hai, alifikiri kwa kilomita nzima na hakupata jina. Wapo. Leo Mkanyia yupo, mtoto wa Henry Mkanyia aliyepiga Sikinde. Lakini kijana wa bodaboda angewajulia wapi?

Sasa nirudi kwa yule mzee, maana ndiye aliyenifanya niandike.

Jioni aliniita kwake. Mkewe akatuletea chai na viazi. Ndipo akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wake, kwamba yeye mwenyewe alipiga ridhim Dar kwa miaka sita, kwenye bendi moja ya shirika. Hataki nimtaje jina wala niitaje bendi, na nimemwahidi. Waliingia studio ya redio mara kadhaa. Nyimbo nne zina gitaa lake. Wakati ule hakuwa na redio kaseti, kwa hiyo nakala hakuwahi kuwa nayo. Alikuwa anajisikia zinapopigwa tu, kama mtu mwingine yeyote. Mara ya mwisho kusikia mmoja wapo alikuwa shambani, mtu anapita njiani na redio begani, na kabla hajafika barabarani yule mtu alishakata kona. Anakadiria ni 1991 au 1992. Watoto wake sita hawajawahi kumsikia baba yao akipiga. Wajukuu wanajua babu alikuwa Dar, basi.

Nikamwuliza kama ana gitaa. Akatoa nyuma ya mlango gitaa kavu lenye nyuzi nne, mbili kati ya hizo ni waya wa breki za baiskeli. Alilishika kwa muda mrefu kabla ya kupiga chochote. Ridhim peke yake ni kitu kigumu kusikiliza, haina mwimbaji, haina solo, ni kama kumsikia mtu akijibu simu bila kumsikia anayepiga. Ilibidi mdomo wake umalizie sehemu za wenzake, tarumbeta huku, solo kule, mguu ndiyo ngoma. Mjukuu mmoja wa kike akaja kusimama mlangoni, na kitoto kingine nyuma yake.

Alipomaliza aliniandikia majina ya nyimbo nne kwenye karatasi ya daftari, kwa mwandiko ule wa zamani uliolala upande mmoja. Akaniambia, "Wewe uko mjini, mwanangu. Ukiupata hata mmoja, niletee kwenye simu ya huyu mtoto."

Tepu za Radio Tanzania zipo, zimehifadhiwa TBC, na nitakwenda kuomba kwa utaratibu wao. Lakini najua pia kwamba katika miaka ya 1980 watu wengi walikuwa wanarekodi salamu na vipindi vya dansi moja kwa moja kutoka redioni, wanaweka kinasa sauti mbele ya spika na kuwafokea watoto wanyamaze. Kama kwenu kuna sanduku la kanda za namna hiyo juu ya kabati, msilitupe. Mniandikie. Nitawapa majina ya hizo nyimbo nne faragha, na kanda nitaifuata mwenyewe hata iwe Namanyere.